Mgonjwa Alitikisika

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na keki ambayo jina langu lilikosewa herufi moja. Hotuba zilikuwa tatu, na zote zilisema nimetumikia kwa uadilifu, maneno ambayo huambiwa kila anayestaafu bila kesi. Editha wa kitengo cha kompyuta ndiye aliyenivuta pembeni, vidole vyake vikiwa bado na krimu ya keki, akaniambia, "Mama, yale mambo ya programu ya ubongo uyaandike. Mimi nitahamishwa, Bakari anasahau, na watakaokuja hawatajua hata cha kuuliza."

Basi naandika, kwa ajili yenu mnaoingia idara ya mionzi sasa. Vyeo na semina nitaviruka. Semina zilikuwa na chai nzuri, sina zaidi la kusema juu yake.

Naitwa Mwanaidi. Nimezaliwa Ujiji, nimeishi Katubuka tangu nilipoolewa, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimepiga picha za ndani ya watu katika hospitali moja mjini Kigoma ambayo sina haja ya kuitaja. Nilipoanza hapakuwa na kompyuta hata moja. Kulikuwa na mashine ya eksirei iliyonguruma kama kinu cha kusaga, chumba cha giza cha kusafishia filamu, na Mzee Ruhaga.

Mzee Ruhaga alikuwa Muha wa Kasulu, mfupi, mwenye sauti ndogo. Siku yangu ya kwanza aliniingiza chumba cha giza kabla sijamaliza kumsalimia, akafunga mlango, akasema, "Kaa hapa mpaka uweze kuchukua kila kitu bila kupapasa mara mbili." Nilikaa asubuhi nzima. Mchana nikaona nimefuzu, nikafungua mlango kwa furaha, na filamu ya mgonjwa mmoja ikiwa bado nje ya kasha. Iliungua yote, ikawa nyeusi tii. Mzee hakufoka. Aliikausha, akaitundika ukutani juu ya meza yangu, akaitazama akiwa ameweka mikono nyuma. "Huyu amepona kabisa," alisema. "Hana hata mifupa." Filamu ile ilikaa ukutani mwaka mzima.

Alinifundisha mambo mengi ambayo hayamo vitabuni. Mifuko midogo ya mchanga ya kutulizia mguu wa mtoto. Kumwambia mgonjwa avute pumzi kwa Kiha kama ni bibi wa kijijini, kwa sababu mtu akiogopa husahau Kiswahili kwanza. Kumtazama mgonjwa mwenyewe kabla ya kutazama picha yake. Na zaidi ya yote, macho. Mionzi huharibu lenzi ya jicho polepole, mtu akaja kuona ukungu miaka mingi baadaye asijue ulitoka wapi. Kila tulipopiga picha ya kichwa, Mzee Ruhaga aliinamisha mdomo wa mashine ili miali ipite mbali na macho. "Macho hayana spea," alikuwa akisema, na akisema hivyo anakukazia macho yake mwenyewe mpaka unainamisha.

Alistaafu, nikabaki. Mashine ile ikafa, ikaja nyingine, filamu zikaisha, picha zikahamia kwenye kioo. Kisha ikaletwa mashine ya siti-skani. Ilikuwa imetumika mahali pengine kabla ya kutufikia, na ilikuwa kubwa kuliko mlango, kwa hiyo ilibidi ukuta ubomolewe. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alikaa majuma mawili, akala samaki wa ziwani, migebuka, kila siku, akaondoka akiwa amenenepa. Kwa wasioijua: mgonjwa hulala kwenye kitanda chembamba, kichwa kinaingia ndani ya duara kubwa, na duara linakata picha za kichwa vipande vipande, kama mkate wa silesi. Kila silesi ni picha yake.

Siku ya tatu ya mafunzo yule mtaalamu alibonyeza kitufe, na duara lote likainama mbele. Nilifurahi sana. Niliona pale pale kwamba naweza kuinamisha duara nyuzi ishirini na kupiga ubongo wote huku macho yakibaki nje ya miali. Tangu siku hiyo hakuna kichwa nilichopiga bila kuinamisha. Nilimfundisha na Bakari, mwenzangu wa zamu. Bakari ni mtu mwema, ila akiona foleni hupunguza mambo, na jambo la kwanza kupunguzwa lilikuwa kuinamisha duara. Nilimgombeza mara nyingi, nyingine mbele za watu.

Programu yenyewe ilikuja miaka miwili kabla ya kustaafu kwangu. Hatukuwa na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari Lusajo alitoka Dar es Salaam kila baada ya miezi kadhaa, akakaa juma moja, akafanya yale yaliyoweza kusubiri na mengine ambayo yalikuwa yamekwisha kusubiri kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeiomba. Programu ilichukua silesi zetu, ikazipanga moja juu ya nyingine, ikajenga kichwa kizima kwenye kioo, unakigeuza utakavyo. Kama kuna uvimbe au jipu ndani ya ubongo, inalipima na kukuambia: kutoka tundu la sikio panda juu kiasi hiki, rudi nyuma kiasi hiki, hapo ndipo sindano iingie. Editha aliiweka kwenye kompyuta ya idara. Sote tulikusanyika kuitazama. Mganga mfawidhi alikigeuza kichwa cha mtu kwenye kioo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Juma lile lile ukatokea mstari mwekundu. Uliandikwa kwa Kiingereza, na maana yake ilikuwa hii: vipande havijapangika sawasawa, sababu ya kawaida ni mgonjwa kutikisika. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kuendelea.

Nataka mjue tulichofanya, kwa sababu hatukukaa bure. Tulizima kompyuta tukaiwasha. Tulihesabu silesi kuona kama kuna iliyopotea njiani. Editha alibadilisha majina ya mafaili, kwa sababu programu nyingine huchukia nafasi kati ya maneno. Alihamisha picha kwenye kompyuta nyingine, ujumbe ukatokea kule kule. Tukafungua kitabu cha maelekezo, nacho kikatuambia kwa mara ya pili kwamba mgonjwa ametikisika.

Na wagonjwa wetu walitikisika kweli. Wengi walikuja kwa sababu ya kifafa, au homa iliyopanda kichwani, au walianguka kutoka juu ya mchikichi. Maelezo yalikaa vizuri. Nikabonyeza kitufe cha kuendelea, nikaandika kwenye faili: mgonjwa alitikisika. Kesho yake nikaandika tena. Nilifika mahali naandika herufi mbili tu, M.A., na wauguzi wakazijua.

Kitu kimoja kilipaswa kunizuia. Picha za Bakari hazikutoa mstari mwekundu, au zilitoa mara chache. Niliona. Nikajiambia kwamba Bakari anapata wagonjwa watulivu. Kwa kuwa ratiba ya zamu niliipanga mimi mwenyewe, nilijua kabisa kwamba si kweli, lakini nilikuwa mtu wa miaka mingi kazini na sikuwa tayari kushindwa na Bakari.

Hali ikaenda hivyo karibu mwaka na nusu.

Kisha akaletwa Mwalimu Bukuru. Wa Katubuka wote wanamjua. Amefundisha shule ya msingi watoto wangu wote watatu, na nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ua wa michongoma. Ana paji la uso pana, limesimama wima, bapa, wala halina mteremko. Wanafunzi walimwita Mwalimu Ubao, na yeye alijua, na aliwahi kuwaambia darasani kwamba asiyefanya hesabu ataziandika pale pajini pake. Alikuwa ameumwa kichwa majuma mawili, akaanza kukosa maneno, kisha mkono wa kulia ukalegea. Mkewe, Mama Shukuru, alimleta kwa bajaji akimshika kiunoni.

Nilimpiga picha mimi. Duara liliinama nyuzi ishirini kama kawaida. Alikuwa na jipu ndani ya ubongo, upande wa kushoto, juu juu. Kwa bahati Daktari Lusajo alikuwapo juma lile. Alitazama, akasema, "Kesho saa sita mchana tunalinyonya kwa sindano. Bi Mwanaidi, nipatie vipimo."

Asubuhi ya kesho yake nilikaa na Editha mbele ya kompyuta. Mstari mwekundu ukatokea. Nikapeleka mkono kwenye kitufe, kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesimama chumba cha pili nikimtazama Mwalimu muda wote kupitia kioo kizito cha kuzuia mionzi. Alilala kama gogo. Dawa za kutuliza zilikuwa zimemchukua. Hakutikisika hata ukope.

"Bonyeza tu, mama," alisema Editha. "Si huwa inaendelea?"

Nikabonyeza. Kichwa kikajijenga kwenye kioo. Kwa vile picha zetu ziliacha macho nje, uso wenyewe haukuwapo. Kulikuwa na paji, masikio na kisogo. Nikakigeuza upande ili nione sikio. Paji la uso lilikuwa limelala nyuma, limeteremka kama bati la kibanda.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

Editha akasoma jina. "Mwalimu Bukuru."

"Siyo."

"Mama, ni yeye, namba ndiyo hii. Sura za kompyuta huwa hazitoki fresh."

"Editha, huyu mtu nimepakana naye ua miaka ishirini. Hili paji siyo lake."

Nilishuka wodini. Mwalimu alikuwa ameamka, anatazama dari. Nilimsalimia, nikamwomba ruhusa, nikaweka kiganja changu kwenye paji lake. Lilikuwa pale pale, wima. Mama Shukuru alinitazama bila kuelewa.

"Kuna nini, dada?"

"Namkagua ubao," nikasema. Ilikuwa saa tatu na nusu, nikageuka niondoke.

Nilipopanda ngazi kurudi ndipo wazo lilipokuja, na lilikuja likiwa limekamilika. Chukueni rundo la khanga zilizokunjwa dukani, liko wima. Lisukumeni upande wake wa juu kwa kiganja. Khanga ni zile zile, hakuna hata moja iliyopungua, lakini rundo limeegemea. Mimi nilikuwa nakata silesi kwa mshazari. Kama programu ilikuwa haijui kuhusu mshazari, ilikuwa inazipanga kama zilizokatwa wima, na kila kichwa nilichopiga kilitoka kimeegemea. Kila silesi peke yake ilikuwa sahihi. Kichwa kizima kilikuwa cha uongo.

Lakini wazo halitoshi kumzuia daktari mwenye kisu. Nilimwambia Editha tunahitaji kitu chenye pembe zilizonyooka, ambacho hakiwezi kutikisika na hakina macho ya kuharibu. Alifikiri kidogo, akatoka, akarudi na dumu la mawese la lita tano alilokuwa amenunua asubuhi kwa ajili ya mama yake. Tulilaza dumu kitandani, pale panapokaa kichwa. Bakari alikuja kutazama. Nililipiga mara mbili, mara ya kwanza duara likiwa wima, mara ya pili limeinama nyuzi ishirini.

Dumu la kwanza lilitoka kama dumu. La pili lilitoka limepinda upande, likiwa na mstari mwekundu juu yake: sababu ya kawaida ni mgonjwa kutikisika.

Bakari alicheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka, akasema taratibu, "Ndiyo maana zangu zilikuwa zinapita."

"Ndiyo maana," nikasema. Iliniuma kulisema, lakini nililisema.

Daktari Lusajo alikuwa anajiandaa. Tulimwita. Ni mtu anayesalimia kwanza hata kama nyumba inaungua, kwa hiyo akasema, "Shikamoo, Bi Mwanaidi," nami nikaitikia, kisha nikamwonyesha dumu la kwanza na dumu la pili, na paji la Mwalimu. Sikueleza mengi. Alivuta kiti akakaa. Akaweka rula kwenye kioo, akapima kutoka tundu la sikio, akapiga hesabu kwenye kiganja chake.

"Ningekosea kwa vidole viwili," alisema.

"Vidole viwili kwenye ubongo ni wapi?" Editha akauliza.

"Ni kwenye maneno yake," akasema. "Huyu ni mwalimu, siyo?"

Tulimrudisha Mwalimu Bukuru mashineni. Safari hii duara lilisimama wima, nami nikamwekea mto mdogo kisogoni ili kidevu kishuke kifuani; ukikunja shingo ya mgonjwa badala ya kuinamisha mashine, macho bado yanabaki nje. Ilikuwa rahisi hivyo. Mstari mwekundu haukutokea. Saa nane mchana Daktari aliingiza sindano mara moja, na usaha ukatoka mara moja. Juma la tatu Mwalimu alikuwa anatembea uani kwake. Maneno yalirudi karibu yote. Aliniita kwenye michongoma akasema kwamba amesikia nimemtambua kwa paji, na kwamba sasa hatamruhusu mtu yeyote kulicheka.

Tuliwaandikia wenye programu, huko Ulaya. Walijibu kwa adabu kwamba jambo hilo limo kwenye kitabu cha maelekezo, sehemu ya viambatisho: programu haishughulikii picha za duara lililoinamishwa. Tukatafuta, tukalikuta, kwa maandishi ambayo ningehitaji miwani miwili kuyasoma. Editha akatengeneza kitu chake kidogo ambacho husoma pembe ya duara ndani ya faili na kukataa kabisa kuendelea kama si sifuri. Hakina kitufe cha kuendelea. Msikiondoe.

Mngeweza kudhani hadithi imeishia hapo, na mimi ningependa iishie hapo. Siku ile ile ya Mwalimu, jioni, Daktari Lusajo alikuja idarani akiwa bado na kofia ya upasuaji. Alisimama mlangoni.

"Bi Mwanaidi, naomba faili la yule mama wa Ilagala."

Nililijua bila kuuliza jina. Watu wengi tuliowapiga picha hawakudhurika na kosa lile, kwa sababu madaktari walisoma silesi moja moja, na silesi zilikuwa sahihi. Vipimo vya programu vilikuwa vimetumika kuongoza sindano kwa watu wawili tu kabla ya Mwalimu. Wa kwanza alipigwa picha na Bakari. Wa pili alikuwa mama huyo wa Ilagala, Anastazia.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwanikaji wa dagaa. Jipu lake lilikuwa mahali karibu na pale pa Mwalimu. Sindano iliingia mara tatu bila kupata kitu, ikabidi Daktari afungue fuvu zaidi na kulitafuta kwa macho. Alipona, lakini mkono wa kulia haukurudi. Tulifungua faili. Kwenye karatasi ya picha kulikuwa na mwandiko wangu. Wakati ule nilikuwa bado sijaanza kufupisha. Nilikuwa nimeandika maneno kamili: mgonjwa alitikisika.

Daktari alisoma, akafunga faili. "Nilidhani ni mkono wangu," alisema. "Mwaka mzima nimedhani ni mkono wangu."

Mganga mfawidhi alitusikiliza wote wawili ofisini kwake. Si mtu mbaya. Aliuliza kama kueleza kutaurudisha mkono wa mgonjwa, tukasema hapana. Akaniuliza mimi peke yangu, "Bi Mwanaidi, umebakiza miezi michache. Kwa nini usiondoke kwa amani?" Nilimjibu kwamba amani hiyo ndiyo ninayoitafuta. Alizungusha kalamu mezani kwa muda, kisha akasema Daktari aandike ripoti yake, na anayetaka kwenda Ilagala aende. Daktari aliahidi kwenda safari yake ijayo. Mimi sikutaka kungoja miezi.

Nilikwenda Jumamosi. Nilifika asubuhi, jua halijawa kali, wanawake wakiwa wameinama kwenye vichanja vya dagaa. Anastazia nilimwona kwa mbali. Alikuwa anatandaza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameufunga kwa khanga kifuani, kama mtu anayebeba mtoto. Mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni akitoa takataka kwenye dagaa waliokauka.

"Mwakeye," nikawasalimia kwa Kiha. Kiha changu ni cha Ujiji, walitabasamu.

"Mwakeye, mama. Karibu. Umetoka mjini?"

"Nimetoka hospitali. Mimi ndiye niliyekupiga picha ya kichwa, Anastazia."

Alinikumbuka. Alitaka kuniletea kiti, nikamwomba akae yeye. Tukakaa wote juu ya wavu mkuukuu. Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno niliyoyaandaa yote yalikuwa marefu, nikayaacha. Nilimwambia kwamba mashine niliiinamisha mimi, kwamba kompyuta ilitupa vipimo vya uongo, kwamba ilituonya na mimi sikuielewa, na kwamba kwa sababu hiyo sindano ilikwenda mahali pasipo jipu. Nikamwambia Daktari naye anajua na atakuja. Nikamwomba msamaha.

Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua dagaa. Anastazia alikuwa akitazama mkono wake uliofungwa. Nilingoja alie, au anitukane. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "mimi sikutikisika?"

Sikuelewa mara moja. Akaeleza bila kupandisha sauti. Siku ya kutoka hospitali, mama mkwe wake alimuuliza muuguzi kwa nini walimtoboa mara tatu. Muuguzi alifungua faili akasoma. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilijua kwamba Anastazia aliambiwa alale tuli, akashindwa. Mumewe alisema hivyo akikasirika. Mawifi walisema. Kila alipoangusha sufuria, mtu alimkumbusha. Na yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kukumbuka, siku baada ya siku, ni wakati gani hasa alipotikisika, na hakuweza kuukumbuka, akadhani jipu lilimfuta hata hilo.

"Hukutikisika," nikasema. "Hata kidogo. Niliandika mimi, na nilikosea."

"Nililala kama maiti," alisema. "Niliwaambia. Nililala kama maiti."

"Ulilala kama maiti."

Mama mkwe alisafisha koo. Alisema kwamba wao walisema kile walichosomewa, na mtu akisomewa na mwenye sare nyeupe atabishaje. Anastazia alinigeukia mimi.

"Andika," akasema.

Nilikuwa na kalamu, sikuwa na karatasi. Binti yake alikimbia ndani akaleta daftari la shule, nikachana ukurasa wa katikati. Niliandika jina lake kamili, jina langu na kazi yangu. Niliandika kwamba siku ya picha mgonjwa alilala tuli tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba maneno yaliyo kwenye faili ni kosa la mpiga picha, na kwamba mkono wake haukuharibika kwa sababu ya jambo lolote alilolifanya yeye. Nikatia sahihi. Nikamsomea.

Alinyoosha mkono wa kushoto akaipokea karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, akimfuatilia mama mkwe wake kwa pembe ya jicho. Yule mama alikuwa ameinua shingo, amekunja uso, anajaribu kusoma kutoka pale kwenye kigoda.

Anastazia akanirudishia karatasi.

"Andika tena, mama," alisema. "Kwa herufi kubwa. Huyu hana miwani."